Linux inapokataa programu ya usalama: Soma kwanza inachosema

MPWA wangu, ambaye ndiye anayetunza kompyuta za maabara katika shule moja ya upili, alinipigia simu jioni moja mwaka wa 2022 akiwa amekata tamaa. Shule ilikuwa imenunua programu ya kukinga virusi. Kompyuta zote ishirini za maabara, ambazo wiki chache zilizotangulia alikuwa amezihamishia kwenye mfumo wa Ubuntu 22.04, zilikuwa zimeikataa.

“Mjomba, imegoma kabisa,” alisema. “Inasema kuna kitu kinakosekana, na kitu chenyewe hakipatikani popote.”

Nilikuwa katika pilkapilka za kufunga kurasa za gazeti la siku iliyofuata, nikamwambia asubiri hadi asubuhi. Hakusubiri. Usiku huo alipata ushauri kwa mtu aliyejua amri moja ya kulazimisha, na kufikia saa tano programu ilikuwa “imeingia” katika kompyuta zote. Alama yake ilionekana kwenye orodha ya programu. Mwalimu mkuu alifurahi, nami nikalisahau jambo hilo.

Ilikuwa miezi mitano baadaye nilipofika shuleni humo kwa shughuli nyingine na kuomba kuonyeshwa maabara. Nilifungua kompyuta moja na kuandika amri ya kusasisha mfumo. Ilikataa. Nikajaribu ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Zote zilikuwa zimegoma tangu usiku ule. Programu ya kukinga virusi haikuwahi kufanya kazi hata dakika moja, na muda huo wote hakuna kompyuta iliyokuwa imepokea kiraka hata kimoja cha usalama. Katika kutafuta ulinzi, mpwa wangu alikuwa ameukomea nje.

Kisa kama hiki huwapata wengi wanaotumia Linux katika ofisi ndogo, shule na vibanda vya intaneti, na aghalabu hakigunduliwi mapema kwa sababu kompyuta huendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida. Yafaa basi kueleza kwa utaratibu ujumbe ule wa kukataa una maana gani, unatokana na nini, na jinsi ya kuushughulikia bila kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Ghala na mtunza wake

Aliyezoea Windows hupata programu yake kwa kuipakua kutoka kwa aliyeitengeneza na kubofya mara mbili. Katika jamii ya Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993 na ambao ndio msingi wa Ubuntu, Linux Mint na Kali, desturi ni tofauti. Programu hukaa katika ghala linalotunzwa na watengenezaji wa mfumo wenyewe, zikiwa zimefungwa katika vifurushi. Ndani ya kila kifurushi, pamoja na programu, mna kijikaratasi kinachotaja jina lake, toleo lake, na vifurushi vingine ambavyo ni lazima viwepo ndipo kifanye kazi. Hivyo vingine ndivyo tutakavyoviita mategemeo.

Kuna watumishi wawili wanaoshughulika na vifurushi hivi, na kutowatofautisha ndicho chanzo cha masaibu mengi. Wa kwanza ni dpkg. Huyu ni kama hamali: hupokea kifurushi ulichomkabidhi mkononi na kukiweka rafuni. Anaweza kusoma kijikaratasi na kulalamika kwamba tegemeo fulani halipo, lakini hajui pa kulitafuta. Wa pili ni apt, ambaye ndiye mtunza ghala. Huyu anayo orodha ya maghala yote uliyomruhusu kuchukua bidhaa, na ukimwomba kifurushi kimoja hufuata mategemeo yake, na mategemeo ya mategemeo hayo, hadi mwisho wa mnyororo. Alianza kutumika rasmi katika Debian 2.1 mwaka wa 1999.

Basi mtu anapopakua faili yenye tamati ya .deb na kuiingiza kwa amri ya dpkg -i, anampa hamali kazi isiyo yake. Hamali atakifungua kifurushi, ataona kuna upungufu, na atakiacha hapo sakafuni kikiwa nusu kimepangwa. Njia iliyo salama ni kumpa mtunza ghala faili hiyo hiyo, kwa amri ya sudo apt install ./jina-la-faili.deb. Nukta na mkwaju vilivyotangulia jina vina maana: vinamwambia kwamba faili imo humu nilipo, usiitafute ghalani. Mategemeo yake, hata hivyo, atayatafuta ghalani mwenyewe, na asipoyapata atakataa kabla ya kugusa chochote.

Kwa nini programu zisibebe kila kitu chake zenyewe, zikaondokana na kero hii? Swali hilo huulizwa sana, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya.

Programu nyingi huhitaji kazi zilezile: kusimba mawasiliano ili yasisomwe njiani, kubana faili, kusoma picha. Badala ya kila mtengenezaji kuandika upya, kazi hizo hukusanywa katika faili za pamoja ambazo mafundi huziita maktaba. OpenSSL, kwa mfano, ni maktaba ya usimbaji inayotegemewa na programu nyingi mno, kuanzia seva za wavuti hadi programu za barua pepe.

Aprili 7, 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL ilikuwa na mwanya uliopewa jina la Heartbleed. Mwanya huo ulikuwamo tangu toleo la 1.0.1, lililotolewa Machi 2012, na ulimwezesha mtu aliye mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, zikiwemo nywila na funguo za siri. Kwenye mifumo iliyotumia maktaba ya pamoja, dawa ilikuwa kusasisha maktaba hiyo moja na kuzianzisha upya huduma zilizoitumia. Zile programu zilizokuwa zimejibebea nakala yake tumboni ilibidi zisubiri mtengenezaji wa kila moja aamke, atengeneze toleo jipya, na mwenye kompyuta naye alisakinishe. Nyingine zilisubiri sana.

Kwa hivyo, mtunza ghala anapong’ang’ania kwamba tegemeo fulani ni lazima litoke ghalani na liwe la toleo fulani, si urasimu. Anataka kila kipande kilichomo rafuni kiwe ni kipande anachoweza kukipelekea kiraka siku mwanya utakapogunduliwa.

Maneno ya mwisho wa mstari

Ujumbe wenyewe huanza kwa maneno haya ya Kiingereza: “The following packages have unmet dependencies”. Yaani, vifurushi vifuatavyo havijatimiziwa mategemeo yake. Chini yake hufuata mistari yenye neno “Depends”. Wengi huishia kwenye mstari wa kwanza, wakaunakili na kuanza kuuliza huku na huko. Ilhali uchunguzi wote umo katika maneno ya mwisho ya kila mstari.

Mstari ukiishia kwa “but it is not installable”, maana yake ni kwamba hakuna ghala hata moja kati ya yale yanayojulikana na mfumo wako lenye kifurushi hicho. Huenda orodha ya maghala ni ya zamani, na dawa ni sudo apt update, amri ambayo ingepaswa kutangulia nyingine zote. Huenda pia sehemu fulani ya ghala haijafunguliwa. Katika Ubuntu, zana kadhaa za usalama, ikiwemo Lynis ambayo hukagua uimara wa mfumo, zimo katika sehemu iitwayo universe. Kama imefungwa, hufunguliwa kwa sudo add-apt-repository universe. Lakini ikiwa yote hayo ni sawa, basi yamkini kifurushi ulicho nacho kilitengenezewa toleo jingine la mfumo, na jina linalotafutwa halimo kabisa katika toleo lako. Hilo ndilo lililomfika mpwa wangu.

Mstari ukiishia kwa “but it is not going to be installed”, hali ni nyingine. Tegemeo lipo ghalani, ila kuna kitu kinachozuia lisichukuliwe. Hapa usibahatishe. Liombe tegemeo lenyewe kwa jina, kwa amri ya sudo apt install, uone litalalamikia nini. Likitaja jingine, liombe na hilo. Ukifuata hivyo hatua kwa hatua utafika kwa mhusika halisi, ambaye mara nyingi hakutajwa kabisa katika ujumbe wa kwanza.

Ukiona namba mbili zinazoshindana, kwamba kinahitajika libc6 cha 2.38 au zaidi lakini kitakachosakinishwa ni 2.36, basi kifurushi kimetoka kwa mfumo ulio mchanga kuliko wako. Toleo la 2.36 ndilo la Debian 12. Vishawishi vya kuipandisha libc6 peke yake ni vingi, na nakusihi uvikatae. Hiyo ndiyo maktaba ambayo karibu kila programu katika kompyuta imesimama juu yake. Kuibadilisha kwa kipande kutoka mfumo mwingine ni sawa na kung’oa jiwe la msingi nyumba ikiwa na watu.

Kuna sentensi moja inayowapotosha hata wazoefu: “you have held broken packages”. Humfanya mtu adhani kuna vifurushi alivyovizuia kwa makusudi. Andika apt-mark showhold. Kama haitoi jibu lolote, hakuna ulichokizuia, na tatizo ni mgongano wa matoleo kama nilivyoueleza. Sentensi ingeandikwa vizuri zaidi. Sisi wahariri tungeirudisha kwa mwandishi. Kinyume chake, ukielezwa kwamba vifurushi fulani vimekuwa “kept back” wakati wa kusasisha, usiwe na wasiwasi wa haraka: siku hizi Ubuntu husambaza baadhi ya masasisho kwa awamu, na zamu yako huenda haijafika.

Ili kujua mtunza ghala anajua nini kuhusu tegemeo lolote, amri ni apt policy ikifuatwa na jina. Itakuonyesha toleo lililosakinishwa, toleo linaloweza kupatikana, na ghala linakotoka. Nayo cat /etc/os-release itakwambia kwa hakika ni toleo gani la mfumo unalotumia, maana nimeshuhudia watu wakitafuta dawa ya mfumo ambao si wao.

Kisa cha libssl1.1

Turudi maabarani. Kifurushi kilichonunuliwa na shule kilikuwa kimetengenezewa Ubuntu 20.04, na kilihitaji tegemeo liitwalo libssl1.1. Hilo ni sehemu ya OpenSSL ya mfululizo wa 1.1.1. Lakini Ubuntu 22.04, iliyotolewa Aprili 2022, ilikuwa imehamia OpenSSL 3, ambayo kifurushi chake huitwa libssl3, na ikaiacha ile ya zamani nje ya ghala. Mwaka huo programu kadhaa kutoka kwa watengenezaji wa nje ziliangukia kwenye mstari ule ule: “Depends: libssl1.1 but it is not installable”.

Mtu aliyemshauri mpwa wangu alimpa dpkg pamoja na chaguo la --force-depends. Hiyo ni amri ya kumwambia hamali aweke kifurushi rafuni, mategemeo yawepo yasiwepo. Hamali alitii. Programu ikawekwa, lakini ilipojaribu kuamka iliitafuta maktaba yake na kutoiona, ikafa. Mtunza ghala naye, kila alipoombwa kitu kingine, alikuta rafuni kifurushi kisicho na tegemeo lake, na akakataa kuendelea hadi kasoro hiyo irekebishwe. Huduma ya unattended-upgrades, ambayo huleta viraka vya usalama kila siku bila kuulizwa, hupitia kwa mtunza ghala huyo huyo. Ikasimama pia. Haikupiga kelele, iliandika malalamiko yake katika faili za kumbukumbu ambazo hakuna aliyezisoma.

Kulikuwa na ushauri mwingine uliovuma siku hizo, wenye sura nzuri zaidi: kuipakua libssl1.1 kutoka ghala la Ubuntu 20.04 na kuisakinisha kwa mkono. Hufanya kazi. Maktaba hizo mbili hukaa pamoja bila ugomvi kwa kuwa majina yake ni tofauti, na programu huamka. Sitasema aliyefanya hivyo alitenda dhambi, maana wakati mwingine kazi haina budi iendelee. Lakini ajue alichonunua. Kifurushi kilichoingizwa kwa mkono kutoka ghala ambalo mfumo haulijui hakitapata kiraka kamwe, na wenye mradi wa OpenSSL waliacha kuihudumia bure 1.1.1 mnamo Septemba 11, 2023. Mwanya ukigunduliwa leo katika maktaba hiyo, kompyuta hiyo itabaki nao, tena ndani ya programu ambayo kazi yake ni ulinzi na ambayo kwa kawaida hupewa mamlaka yote juu ya mfumo.

Kuviona vifurushi vya aina hiyo katika kompyuta yako, andika apt list '~o'. Orodha utakayopewa ni ya vile vilivyomo rafuni lakini havina ghala linalovidai. Mimi mwenyewe nilipoijaribu kwenye kipakatalishi changu nilikuta masalia ya miaka sita.

Jambo kama hilo lilitokea tena Aprili 2024 katika Ubuntu 24.04. Kompyuta za zamani za biti 32 huhesabu muda kwa namba ambayo itafikia kikomo chake Januari 19, 2038, na ili kuikwepa siku hiyo Debian na Ubuntu zilipanua namba hiyo kwenye baadhi ya aina hizo za kompyuta na kujenga upya vifurushi vingi. Vilivyoguswa vilipewa tamati ya t64. Libssl3 ikawa libssl3t64, hata kwenye kompyuta za kisasa za biti 64. Kwa bahati nzuri kwenye hizi za kisasa kifurushi kipya hujitambulisha pia kwa jina la kale, kwa hivyo kinachotaja libssl3 huridhika. Wanaopata shida ni wale wanaotaka kuingiza kwa nguvu kile cha kale penye kipya. Hivyo viwili havikai pamoja, na mtunza ghala akilazimishwa kuchagua ataanza kupendekeza kuondoa vitu.

Wageni ghalani

Chanzo kingine cha mategemeo kuvunjika, tena ambacho vijana wanaojifunza usalama wa mitandao hukipenda mno, ni kuchanganya maghala. Mtu ana Ubuntu au Debian thabiti, anasikia kwamba Kali ina zana zote za uchunguzi, basi anaongeza ghala la Kali katika orodha yake. Kali, iliyozinduliwa Machi 2013 kama mrithi wa BackTrack, hujengwa juu ya Debian ya majaribio, ambayo vifurushi vyake hubadilika kila uchao. Kifurushi cha kwanza atakachoomba kitadai libc6 mpya, nayo itavuta nyingine, na baada ya wiki moja kompyuta si Ubuntu wala si Kali. Debian wenyewe wamekuwa wakionya kwa miaka mingi dhidi ya mchanganyiko wa aina hiyo.

Aliyedhani onyo hilo ni la kinadharia angetazama yaliyotokea Machi 29, 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba maktaba ya kubana faili ya mradi wa xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa takriban nusu sekunde. Programu ya SSH yenyewe haiihitaji maktaba hiyo. Lakini katika Debian na jamaa zake iliunganishwa na maktaba ya systemd, nayo systemd ilitegemea ile ya xz. Mhalifu alipitia tegemeo la tegemeo.

Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia Debian ya majaribio, na Kali ilitangaza kwamba waliosasisha mifumo yao kati ya Machi 26 na 29 waliguswa. Debian thabiti haikuguswa, wala toleo lolote la Ubuntu lililokuwa limekwisha kutolewa rasmi. Aliyekuwa na Debian thabiti lakini ameifungulia ghala la majaribio kwa ajili ya zana moja tu alikuwa ameutupa mbali ule uthabiti aliouchagua.

Anayetaka Kali na aitumie Kali nzima, katika kompyuta yake au ndani ya mashine pepe. Maghala yaliyoongezwa yote huorodheshwa katika /etc/apt/sources.list na katika saraka ya /etc/apt/sources.list.d. Yatazame mara kwa mara, hasa kama kompyuta iliwahi kupita mikononi mwa mwingine.

Kabla ya kujibu ndiyo

Hatari kubwa kuliko zote huja wakati mtu ameshachoka. Mtunza ghala hutoa pendekezo refu, kisha huuliza kama aendelee. Katikati ya pendekezo hilo mna sehemu yenye neno “REMOVED” kwa herufi kubwa. Isome jina kwa jina. Ukiliona jina la mazingira ya skrini, au libc6, au lolote lenye neno desktop, jibu hapana.

Katika video iliyotoka Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada ambaye video zake za teknolojia hutazamwa na mamilioni, alijirekodi akisakinisha programu ya michezo ya Steam kwenye mfumo wa Pop!_OS. Siku hiyo kulikuwa na kasoro ya mategemeo ghalani. Mfumo ulimwonya kwamba sehemu muhimu zingeondolewa, ukamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha: “Yes, do as I say!” Akaiandika. Mazingira yote ya skrini yakafutwa mbele ya watazamaji wake. Baadaye watengenezaji wa apt waliifanya njia hiyo kuwa ngumu zaidi, lakini ni sehemu chache tu za mfumo zinazolindwa kwa kiwango hicho.

Kinga ni rahisi. Ongeza -s katika amri, kama vile sudo apt -s install clamav, na mtunza ghala atakueleza yote atakayoyafanya bila kufanya hata moja. Ni bure, na haili bando.

Kuna pia shida ambayo huonekana kama ya mategemeo ilhali siyo. ClamAV, programu huria ya kukinga virusi iliyoanzishwa na Tomasz Kojm mwaka wa 2002 na ambayo sasa iko chini ya Cisco, huingia kutoka ghalani bila matatizo, kisha huduma yake ya clamav-daemon hukataa kuanza. Watu huifuta na kuisakinisha tena mara tatu. Mara nyingi inasubiri tu hifadhidata ya alama za virusi, ambayo huletwa na huduma ya pili, clamav-freshclam. Na kama intaneti ni ya kusuasua huchukua muda. Isitoshe, ikishawaka hutumia zaidi ya gigabaiti moja ya kumbukumbu, kwa hivyo kompyuta kuukuu yenye gigabaiti moja au mbili itaiua. Pasipotakiwa kumbukumbu hiyo ishikwe muda wote ni heri kutumia clamscan, ambayo huamka unapoihitaji na kulala ikimaliza, ingawa ni ya polepole na ikiwa kazini nayo hula kumbukumbu kama hiyo.

Tulivyoirekebisha maabara

Tulianza na kompyuta moja. Amri ya sudo dpkg --configure -a, ambayo humtaka hamali amalize kazi zote alizoziacha nusu, ilishindwa kama tulivyotarajia, kwani tegemeo bado halikuwepo. Kisha tukaandika sudo apt --fix-broken install. Mtunza ghala alipendekeza kuondoa kifurushi kimoja tu, kile kilicholazimishwa. Tulisoma orodha mara mbili, tukajibu ndiyo. Papo hapo amri ya kusasisha ikaanza kufanya kazi, na viraka vya miezi mitano vikaanza kushuka.

Hapo tukakumbana na bili. Kusasisha kompyuta ishirini kwa bando la shule kungemaliza fedha za wiki kadhaa. Tulisakinisha kifurushi cha apt-cacher-ng kwenye kompyuta ya mwalimu, ambacho huhifadhi kila kinachopakuliwa na kukigawia kompyuta nyingine za chumba hicho. Kila kiraka kilipakuliwa mara moja tu. Kazi ilichukua alasiri mbili.

Mpwa wangu aliwaandikia waliouza programu, akiwatajia toleo la mfumo na kuwanakilia mstari wa “Depends” ulivyo, neno kwa neno. Walijibu kwamba kifurushi cha 22.04 kilikuwa kinatengenezwa. Katika kipindi hicho tuliweka ClamAV ya ghalani, na wanafunzi wakafunzwa kupitisha diski zao za mkononi kwenye clamscan kabla ya kuzifungua. Walionung’unika walikuwa wengi, maana foleni ilikuwa ndefu.

Toleo lililoahidiwa lilikuja muhula uliofuata, likitaja libssl3 katika kijikaratasi chake. Mpwa wangu alilijaribu kwanza kwenye kompyuta moja kwa -s, akanitumia picha ya skrini. Hapakuwa na neno “REMOVED” popote.